Siku sita San Francisco na Silicon Valley: anayetaka kukataa anakatalia wapi?

Safari hii ilifanyika Oktoba 2024. Maelezo yameandikwa baada ya kurudi, kutokana na daftari na picha za simu, na bei zote ni za wakati ule. Njia ilipangwa makusudi ipite karibu na ofisi za kampuni za teknolojia za California ambazo programu zao zimo kwenye simu za wasafiri wengi. Kila kituo kilibebeshwa swali lile lile: mtu asipotaka kile ambacho kampuni au serikali inamtaka akubali, anakatalia wapi?

Kabla ya kuondoka: viza, picha, tiketi

Fomu ya viza ya Marekani, DS-160, hujazwa mtandaoni, na ada ya viza ya matembezi ilikuwa dola 185, haijalishi umekubaliwa au umekataliwa. Ukiiacha fomu dakika 20 bila kugusa kitu inajifunga yenyewe. Kwa hiyo nakili namba ya maombi kwenye karatasi kabla ya kujaza ukurasa wa kwanza, kisha hifadhi kila ukurasa unapoumaliza. Picha iwe ya mraba wa milimita 51, mandhari nyeupe, isiyozidi miezi 6, bila miwani. Wapiga picha wengi wamezoea kipimo cha pasipoti, hivyo wape vipimo kwa maandishi.

Tangu 2019 fomu hiyo pia inadai majina ya akaunti zako za mitandao ya kijamii kwa miaka 5 iliyopita. Wengi hujikwaa hapa, kwa sababu wanataja zile wanazotumia leo na kusahau ile waliyoifungua zamani wakaitelekeza. Tafuta barua pepe za "karibu" kwenye sanduku lako, utaziona zote. Kukataa ni kuiacha safari.

Picha ya kitambulisho ina historia yake katika maadili ya kampuni. Mwaka 1970 wafanyakazi wawili wa Polaroid huko Cambridge, Massachusetts, mkemia Caroline Hunter na mpiga picha Ken Williams, waligundua kwamba kamera za kampuni yao zilitumika kupigia picha za pasi ambazo Waafrika wa Afrika Kusini walilazimishwa kutembea nazo. Ni dada wa kipande ambacho wazee wetu wa Kenya walikivaa shingoni enzi za ukoloni. Wawili hao wakaanzisha vuguvugu kazini, wakadai kampuni iondoke Afrika Kusini, na wote wawili wakaishia kupoteza kazi. Polaroid ilijaribu kwanza njia ya kati: ibaki, ila isiiuzie serikali. Mwaka 1977 ikabainika kwamba wakala wake alikuwa akiiuzia serikali hiyo kwa siri, ndipo ikaondoka kabisa. Hunter na Williams walikuwa wamesema mapema kwamba njia ya kati haitashika.

Kuhusu tiketi, sheria ya Marekani inayataka mashirika ya ndege kumruhusu mteja aifute ndani ya saa 24 bila adhabu, au kumshikia bei kwa muda huo, iwapo amenunua angalau siku 7 kabla ya safari inayokwenda au kutoka Marekani. Haki hiyo iko kwa shirika la ndege lenyewe. Tovuti za wakala hazilazimiki, na zinazoiheshimu hufanya hivyo kwa hiari. Linganisha bei kwa wakala, kisha nunua kwa shirika. Kabla ya kulipa, pitia ukurasa kuanzia juu: bima, kiti na begi la ziada mara nyingine huwa vimeshatiwa alama, na mwenye haraka hulipia kitu asichokichagua.

Siku ya 1, Jumanne 15 Oktoba: kutua

Ndege ya pili ilichelewa saa 3, na hakuna la kusimulia zaidi ya kiti kigumu na maji ya bei ghali. Kwa watakaosafiri baadaye: kuanzia 28 Oktoba 2024 kanuni mpya ya Marekani inayataka mashirika kurudisha nauli bila kuombwa pale safari ya kimataifa inapoahirishwa kwa saa 6 au zaidi na abiria akaamua kutoendelea nayo.

Uwanjani San Francisco mgeni hupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Afisa wa mpaka ana mamlaka ya kuomba simu na kuipekua. Mamlaka ya forodha inasema hilo huwapata chini ya asilimia 0.01 ya wanaoingia, lakini jiandae kama vile zamu ni yako. Mgeni anayekataa kufungua simu anaweza kunyimwa ruhusa ya kuingia. Mwongozo wa forodha uliotumika wakati ule, wa Januari 2018, ulimtaka afisa asome kilichomo ndani ya kifaa tu, si kilichohifadhiwa mtandaoni, na ndiyo maana huagiza simu iwekwe katika hali ya ndegeni. Kwa hiyo:

Zima simu kabisa kabla ndege haijatua, kwa sababu simu iliyozimwa haifunguki kwa uso wala kidole hadi namba ya siri iingizwe kwanza. Hamishia mtandaoni picha na mazungumzo usiyoyahitaji njiani, kisha yafute kwenye simu, pamoja na kwenye folda ya vilivyofutwa ambayo huvitunza kwa siku kadhaa. Na usidanganye ukiulizwa. Uongo mpakani una madhara makubwa kuliko picha yoyote.

Kutoka uwanjani hadi mjini, treni ya BART huchukua nusu saa na inagharimu kama dola 10. Kadi ya Clipper (dola 3 ikiwa ya plastiki, bure ikiwa ndani ya simu) inatumika kwenye BART, mabasi ya Muni ya mjini, treni ya Caltrain ya kwenda Silicon Valley, na mabasi ya VTA na SamTrans. Mhudumu wa kituo aliona tumeduwaa mbele ya mashine, akatoka kibandani kwake, akaonyesha kitufe cha kupunguza kiasi. Mashine huanza na kiasi kikubwa, na asiyejua hubonyeza kukubali. Aliwaonyesha pia watu wawili waliokuwa nyuma yetu, kwa utaratibu ule ule.

Saa za huko mwezi Oktoba ziko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa 10. Umeme ni volti 120, plagi ya pini bapa. Chaja ya simu yenye maandishi "100-240V" inahitaji adapta tu, lakini pasi ya nguo au birika la nyumbani liache nyumbani.

Siku ya 2, Jumatano: malazi, mabasi meupe, gari lisilo na dereva

Airbnb, kampuni ya kupangisha nyumba za watu kwa wasafiri mtandaoni, ilizaliwa katika mji huu mwaka 2008, na mji huu ndio uliojifunza mapema gharama zake. Leo mwenye nyumba anayepangisha kwa muda mfupi lazima asajiliwe na manispaa, awe mkaazi wa nyumba hiyo angalau siku 275 kwa mwaka, na asiipangishe bila yeye kuwepo zaidi ya siku 90. Tafuta namba ya usajili kwenye tangazo. Likikosa, pita.

Kwa msafiri Mwafrika kuna jambo zito zaidi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard ulionyesha kwamba waombaji wenye majina yanayosikika kuwa ya Wamarekani weusi walikuwa na nafasi pungufu ya kukubaliwa kwa takriban asilimia 16 kuliko wenye majina ya kizungu, mengine yote yakiwa sawa. Mwaka 2018 kampuni ikabadilisha mpangilio ili mwenye nyumba aone picha ya mgeni baada tu ya kukubali. Jina linabaki kuonekana. Njia iliyo salama zaidi ni kuchagua nyumba zenye "kuhifadhi papo hapo", ambako hakuna anayekaa kulichunguza jina lako kabla ya kuamua.

Tangu 1 Julai 2024 sheria ya California inakataza kuficha ada za lazima: bei ya kwanza unayoiona iwe na kila kitu isipokuwa kodi za serikali. Migahawa imeruhusiwa kuendelea na nyongeza zake mradi izitangaze waziwazi. Kwa hiyo burito la mtaa wa Mission, limesheheni wali, maharage na nyama, linaloandikwa dola 13 halitoki kwa dola 13. Kuna kodi ya mauzo ya asilimia 8.625, na kama umeketi ukahudumiwa, bahashishi ya asilimia 18 hadi 20. Soma mstari mdogo chini ya menyu kabla ya kuagiza. Burito moja linatosha watu wawili, na mwuzaji alilikata katikati na kulifunga kwa karatasi mbili bila kuombwa.

Mtaa huo huo wa Mission ndiko waandamanaji walikolizuia basi la wafanyakazi wa Google, Desemba 2013. Mabasi hayo makubwa meupe yalikuwa yakibeba wafanyakazi wa kampuni kwenda Silicon Valley, yakisimama kwenye vituo vya basi la umma bila kulipa chochote, wakati gari la mtu wa kawaida likisimama hapo lilitozwa faini ya dola 271. Kodi za nyumba zilizo karibu na vituo hivyo zilikuwa zikipanda na wapangaji wa zamani wakifukuzwa. Mwaka 2014 manispaa ikaanza kuyatoza dola 1 kwa kila kusimama. Nauli ya mtu mmoja kwenye Muni wakati huo ilikuwa dola 2. Hesabu hiyo inatosha kueleza hasira ya wenyeji, na ukisimama kituoni asubuhi bado unaweza kuyaona mabasi hayo yakipita.

Mchana tulifika makutano ya mtaa wa 5 na Market. Tarehe 2 Oktoba 2023, hapa, gari lililoendeshwa na mtu lilimgonga mwanamke na kumrusha mbele ya teksi isiyo na dereva ya kampuni ya Cruise. Teksi ilifunga breki, lakini haikutambua kwamba mtu yuko chini yake, ikajaribu kujisogeza pembeni na kumburuta kama mita 6. Ajali yenyewe ilianzishwa na dereva binadamu. Kosa la kimaadili lilikuja siku iliyofuata, ofisini. Viongozi wa kampuni walipokutana na wasimamizi wa serikali walitegemea video ijieleze yenyewe, hawakutamka kwa mdomo kwamba mtu aliburutwa, na uchunguzi ulioagizwa na kampuni yenyewe ulibaini kwamba intaneti mbovu iliikwamisha video hiyo katika baadhi ya mikutano. Tarehe 24 Oktoba leseni ikasimamishwa, Novemba mkurugenzi mkuu akajiuzulu, na Desemba 2024, miezi miwili baada ya safari hii, General Motors, mmiliki wa Cruise, ikaacha kabisa biashara ya teksi hizo. Hoja ya "hatukusema uongo, tulionyesha video" haikumshawishi yeyote.

Teksi zisizo na dereva za kampuni nyingine, Waymo, bado zipo, na tangu Juni 2024 yeyote mjini hapo anaweza kuziita bila kusubiri kwenye orodha. Mlango hufunguliwa kwa simu, kwa hiyo chaji isiishe. Wakati ule hazikuwa zikienda uwanja wa ndege. Kamera za ndani zinarekodi safari nzima. Vipaza sauti, kampuni inasema, huwashwa ukizungumza na huduma kwa wateja tu. Hakuna kitufe cha kuzima kamera. Asiyeitaka teksi hiyo anapanda Muni, dola 2.50 kwa Clipper wakati ule, na anaweza kubadilisha mabasi kwa saa 2.

Jambo moja la kuwasifu wenyeji: Mei 2019 San Francisco ilikuwa mji mkubwa wa kwanza Marekani kuikataza polisi na idara zake nyingine kutumia teknolojia ya kutambua nyuso. Waliokaa jirani zaidi na watengenezaji ndio waliowahi kukataa.

Siku ya 3, Alhamisi: Palo Alto na Menlo Park

Caltrain ilihamia umeme wiki chache kabla ya safari, Septemba 2024. Mabehewa mapya, kimya, soketi kwenye kila kiti. San Francisco hadi Palo Alto ni kanda 3, karibu dola 8. Hapa kuna mtego mmoja: gusisha Clipper unapopanda *na* unapoteremka. Hakuna geti la kukukumbusha, na ukisahau kugusisha mwishoni unakatwa nauli ya safari ndefu kuliko uliyosafiri.

Kutoka kituoni ni kama dakika 15 kwa miguu hadi 367 Addison Avenue, gereji ya mbao ambamo Bill Hewlett na Dave Packard, waanzilishi wa kampuni ya HP, walianzia kazi mwaka 1938. Ni makazi ya watu, haingiliki. Picha hupigwa kutoka njia ya waenda kwa miguu. Dakika 5 zinatosha.

Kwenda makao makuu ya Meta, kampuni ya Facebook, panda basi la Dumbarton Express upande wa Willow Road, siku za kazi pekee. Facebook ilipohamia hapo mwaka 2011 iliandika alama yake upande mmoja wa bango la waliotangulia, Sun Microsystems, na kuliacha jina la zamani upande wa pili. Wageni hupiga picha upande wa mbele. Zunguka. Hakuna choo wala kivuli kwa umma, beba maji, na angalia saa ya basi la kurudi kabla ya kuteremka.

Karibu na bango hilo daftari lina tarehe moja: 20 Septemba 2024. Ni siku ambayo Mahakama ya Rufani ya Kenya ilikataa hoja ya Meta kwamba mahakama za Kenya hazina mamlaka ya kuisikiliza kesi dhidi yake. Daniel Motaung, kijana wa Afrika Kusini aliyeajiriwa Nairobi na kampuni ya Sama kuchuja maudhui ya Facebook, alishtaki mwaka 2022. Mwaka uliofuata wachujaji wengine zaidi ya 180 wakafungua kesi yao. Kazi ilikuwa kutazama mauaji na ukatili ili wengine wasivione, kwa mshahara ulioripotiwa kuanzia takriban dola 1.50 kwa saa. Utetezi wa kampuni ulikuwa kwamba haina ofisi Kenya na kwamba si yeye mwajiri. Nadhani hii ndiyo kesi ya maadili ya teknolojia inayotuhusu zaidi, kwa sababu inauliza kama mtu anaweza kufanyiwa kazi kila siku na bado akawa si mwajiri wa yeyote. Kutoka Nairobi hadi kwenye bango lile ni mabara na bahari, na mkandarasi mmoja katikati.

Siku ya 4, Ijumaa

Cupertino, kituo cha wageni cha Apple. Jengo la duara la makao makuu haliingiliki. Kuna duka, mgahawa na baraza ya juu yenye mandhari ya miti. Kama muda ni mfupi, ruka.

Siku ya 5, Jumamosi: Mountain View

Siku iliyokuwa na faida kuliko zote. Teremka Caltrain ya Mountain View, kisha panda basi dogo la bure la mji hadi Makumbusho ya Historia ya Kompyuta. Basi hilo lilianza 2015 kwa fedha za Google, na abiria haombwi programu, jina wala kadi. Anapanda tu.

Makumbusho hufungwa Jumatatu na Jumanne. Nenda Jumatano au Jumamosi, siku ambazo wahandisi wastaafu wanaojitolea huwasha IBM 1401, kompyuta ya enzi za 1960. Mmoja wao, mzee wa makamo ya babu, alimwacha kila mgeni achape jina lake kwenye kadi ya matundu, kisha akaisoma kadi kwa macho, tundu kwa tundu, na kueleza kila moja lilimaanisha nini. Mashine inayoweza kuelezwa hivyo ni tofauti kabisa na simu iliyo mfukoni.

Mfukoni, kwa mfano, kulikuwa na ramani. Watu wengi walizima "Historia ya Maeneo" kwenye akaunti ya Google wakaamini wamemaliza. Mwaka 2018 ilifichuliwa kwamba mahali ulipo paliendelea kuhifadhiwa kupitia mpangilio mwingine, "Shughuli za Wavuti na Programu". Novemba 2022 Google ililipa dola milioni 391.5 kumaliza madai ya majimbo 40. Kwa hiyo zima *vyote viwili*, weka ufutaji wa kila miezi 3, kisha pakua ramani ya eneo zima ukiwa kwenye Wi-Fi. Ramani iliyopakuliwa hukuonyesha ulipo kwa GPS bila bando. Isipopakuliwa mapema, itakuangusha ndani ya treni, mahali unapoihitaji.

Mtaa wa Shoreline unaendelea hadi ofisi za Google. Kuna jengo lenye duka na mgahawa vilivyo wazi kwa umma. Tarehe 1 Novemba 2018 wafanyakazi wapatao 20,000 wa kampuni hiyo duniani walitoka ofisini kwa pamoja baada ya habari kwamba kiongozi aliyetuhumiwa kwa unyanyasaji wa kingono aliagwa na dola milioni 90. Mwaka huo huo maelfu walikuwa wametia saini barua ya kupinga Project Maven, kazi ya kuchambua video za droni kwa jeshi, na kampuni ikaahidi kutouhuisha mkataba na kutotengeneza akili bandia kwa ajili ya silaha. Kukataa kulifanikiwa, kwa muda. Aprili 2024 wafanyakazi wapatao 50 walifukuzwa kwa maandamano kuhusu mkataba mwingine, na Februari 2025 ahadi ya silaha ikaondolewa kwenye kanuni za kampuni.

Siku ya 6, Jumapili: Oakland, kisha uwanjani

BART hadi Oakland, Telegraph Avenue, ambako migahawa ya Kiethiopia na Kieritrea imepangana. Injera na mboga za kufunga zinashibisha wawili. Mama mwenye mgahawa aliposikia safari ni ndefu, alifunga injera ya ziada na kukataa kuilipisha.

Mezani palitajwa jina la Timnit Gebru, mzaliwa wa Addis Ababa aliyekuwa kiongozi mwenza wa kitengo cha maadili ya akili bandia Google. Desemba 2020 aliondoka baada ya kutakiwa auondoe utafiti kuhusu hatari za modeli kubwa za lugha, yaani programu zinazotunga maandishi kama mtu, au ayatoe majina ya waandishi wa Google. Yeye anasema alifukuzwa. Kampuni ilisema imekubali kujiuzulu kwake. Mwaka mmoja baadaye alianzisha taasisi yake ya utafiti, DAIR.

Kabla ya kuondoka, futa kadi ya benki kwenye kila programu ya usafiri uliyoifungua kwa safari, kisha omba akaunti *ifutwe*. Kuiondoa programu kwenye simu hakufuti akaunti.

Baada ya kurudi

Sheria ya faragha ya California inawalinda wakaazi wake. Mkaazi wa Kenya ana Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na wa Tanzania ana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Andika kwa barua pepe ya faragha inayotajwa chini ya sera ya kampuni. Taja akaunti, data unayotaka ifutwe, na sheria unayoitegemea. Ukiombwa nakala ya pasipoti, uliza kwanza kama namba ya simu uliyojisajilia haitoshi. Hifadhi tarehe ya kila barua.

Maombi yalitumwa manne. Matatu yamejibiwa. La nne lilijibiwa na mashine mara mbili, kwa maneno yale yale, na barua ya tatu imetumwa wiki hii.